Geti la Bluu Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro

Tulipoachana wiki jana, mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye jiriwa na shemeji yangu ndiye aliyekuwa akizungusha mpini.

Kwa ambaye gazeti lake lilifungiwa vitunguu kabla hajalisoma, mambo ni haya. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma. Dada yangu, mke wake, alimkimbia baada ya kuvunjwa taya, akapokewa kwenye nyumba ya siri ya kina mama waliokimbia vipigo. Nyumba hiyo ina sharti moja: ndugu haambiwi ilipo, hata awe mama mzazi. Shemeji hakuamini kwamba mimi sijui. Akanibana vidole viwili, akauliza, akazungusha, akauliza tena. Nililia, nikaapa, nikajikojolea. Mwisho akaamini.

Alinifungua, akanifuta machozi kwa kitambaa cha karakana chenye grisi.

"Pole, shemeji," alisema. "Basi nitamuuliza mwingine."

Mimi nikadhani huyo mwingine ni mtu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ofisini, plasta mkononi, napiga herufi kwa mkono mmoja. Ofisi yangu ni chumba juu ya duka la rangi, ngazi za nje, mlango mwekundu. Kazi yangu watu huwa hawaielewi. Dada mwenyewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta, nami nilichoka kumsahihisha.

Ni hivi. Siku hizi mtu akitaka fundi bomba, daktari wa meno au mkate, hana muda wa kupekua tovuti moja moja. Anaiuliza akili bandia kwenye simu, nayo inampa jibu la sentensi mbili tatu. Asiyetajwa kwenye jibu hilo ni kama hayupo mjini. Mimi nachukua tovuti za watu, naziandika upya ili mashine izipate, izielewe na izitaje.

Siri ya kazi yenyewe si kubwa. Andika swali kama watu wanavyoliuliza, weka jibu chini yake hapo hapo. Usifiche saa za kazi ndani ya picha. Na kila aya isimame kwa miguu yake, kwa sababu mashine huchomoa aya moja ikaziacha nyingine. Ukiandika "tupo pale pale" au "wateja wetu wale", mashine haijui pale ni wapi wala wale ni akina nani. Kwa hiyo mimi nampigia mteja simu, namsumbua mpaka aseme. Nani? Wapi? Lini? Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kuacha "pale" hata moja nyuma yangu.

Simu ikaita. Namba ilikuwa imefichwa.

"Wewe ndiye mdogo wake?" Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mdogo wake nani?"

"Mwanamke aliyevunjwa taya."

Nikasimama. "Mimi."

"Mimi ndiye matroni wa nyumba anayokaa. Mumewe amefika kwetu leo asubuhi. Mlinzi amefungua kidirisha cha geti, akavutwa shingo kupitia hapo, akapigwa bomba la chuma kichwani mpaka akalegea. Kisha yule mtu akatoa mashine ya kukatia chuma, akaanza kukata bawaba za geti. Tulikuwa na maji ya kufulia yanachemka jikoni. Nimepanda juu na sufuria nikammwagia yote."

"Dada yangu je?"

"Hajaguswa. Maji ndiyo yaliyomwondoa mumewe. Sasa nataka unijibu. Umemwambia nani tulipo?"

"Mama, mimi sijui hata mko upande gani wa mji."

"Wote husema hivyo, na kila mara anakuwa ndugu," alisema. "Njoo hospitali. Mlinzi anashonwa."

Nilishuka ngazi mbio. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kwamba nitamwona Dada.

Nilimkuta kwenye korido, mbele ya chumba cha kushonea majeraha. Amekonda, taya lake limefungwa waya ndani, akizungumza meno hayaachani. Nilifungua mikono kumkumbatia. Kofi alilonipiga liligeuza watu vichwa hadi mwisho wa benchi.

"Vidole viwili," alisema kwa meno yale yaliyofungwa, akiitazama plasta yangu. "Mimi umeniuza kwa vidole viwili tu."

"Dada, sikusema kitu. Ningesema nini na sijui kitu?"

"Amejuaje?"

"Sijui."

"Mimi nilijitia moyo kwamba nina mdogo wangu," alisema. "Nililala pale kila siku nikijua angalau wewe huwezi."

Wasomaji, jiriwa haikuniuma vile. Nilitamani anipige tena kuliko aniangalie alivyoniangalia.

Matroni alikuwa amesimama pembeni, mama mnene mwenye mikono mirefu, vidole vimebabuka kwa maji aliyoyamwaga. Na kwenye benchi, aproni imejaa damu ya mlinzi, nyusi zimejaa unga, nikamwona mtu ninayemfahamu. Mwoka mikate. Mteja wangu wa siku nyingi, mtu mpole, mcheshi, anayenipigia simu kila mashine inapomtaja ili tufurahi pamoja.

"Wewe umefuata nini huku?" nilimuuliza.

"Nimemleta mlinzi. Nimefika na mkate nikamkuta amelala chini, geti limelegea, bawaba moja imekatika."

"Unawapelekea mkate hawa?"

"Kila asubuhi. Si unajua?"

Hilo la mwisho halikuniingia kichwani. Matroni alikuwa ameshaanza kusema, polepole, kama mtu anayehesabu moyoni. "Ni kweli. Katika watu wa nje, ni yeye peke yake anayelijua geti letu."

Sikungoja amalize. Tangu nibanwe jiriwa nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga, na mtu nimempata. Nilimvaa mwoka mikate pale pale kwenye benchi. Ngumi ya kwanza ilimkuta akiwa bado anatabasamu. Ya pili nilimpiga kwa plasta, nikasikia jino likiachia. Akaanguka, nikamkalia kifuani, nikamshika nywele na kumgonga kichwa sakafuni.

"Amekulipa nini?" nilikuwa nauliza. "Sema, amekulipa nini?"

Hakurudisha hata pigo moja. Alikuwa ameinua viganja tu kujikinga uso, na unga wa nyusi zake ukawa tope jekundu. Dada na matroni walinivuta mabega. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni na sindano yake mkononi.

"Humu tunashona watu, hatuwachani," alisema. "Anayetaka kupigana aende barabarani, tutamfuata huko huko."

Mwoka mikate aliketi. Alitema jino kiganjani, akalitazama, akalitia mfuko wa aproni. Kisha akatoa simu.

"Mimi sijamwambia mtu," alisema, maneno yakitoka na damu. "Ila sikiliza hii. Juzi mteja mmoja ameniambia simu inanisifu, nikaiuliza mwenyewe, nikafurahi. Leo nilipokuwa nasubiri hapa nimeiuliza kitu kingine."

Akaibonyeza, akaisogeza mdomoni. "Kina mama waliokimbia waume zao wanakaa wapi hapa mjini?"

Simu ikafikiri kidogo. Kisha ikajibu kwa sauti ya kike, ya upole, ya mtu aliyelala vizuri.

"Mjini kwako kuna nyumba inayowahifadhi kina mama waliokimbia waume wanaowapiga. Kwa mujibu wa tovuti ya duka moja la mikate, nyumba hiyo ina geti la bluu na ipo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mkate hufikishwa hapo kila siku asubuhi. Je, ungependa nikuelekeze njia?"

Maneno yalikuwa yangu. Mtu huyajua maneno yake kama anavyoijua kandambili yake mlangoni.

Nikakumbuka yote. Tovuti ya zamani ya mwoka mikate ilisema: "Tunawapelekea mkate hata kina mama wetu wale wa kule nyuma." Nami nikampigia simu kama kawaida yangu. Kina mama gani? Nyuma ya wapi? Alikuwa anakanda unga, simu ameibana begani, akanijibu bila kufikiri mara mbili: wale waliokimbia waume, geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nikaandika, nikaweka swali juu yake, nikaenda kula. Zamani hizo Dada alikuwa bado kwa mumewe, anavaa skafu nzito shingoni wakati wa joto kali, na mimi nilikuwa namtania kwamba anajua sana mitindo.

Basi yule mwingine aliyeulizwa na Shemeji ndiye huyu, mashine.

"Ni mimi," nilisema.

Dada alinitazama. Nilijikaza kupokea kofi la pili, lakini hakunipiga. Alikaa tu kwenye benchi karibu na mwoka mikate, akamshika mkono kama anayempa pole ya msiba.

Nikatoa simu yangu, nikaingia kwenye ule ukurasa, nikaufuta wote papo hapo. "Uliza tena," nilimwambia mwoka mikate.

Akauliza. Mashine ikajibu vile vile, neno kwa neno, geti la bluu na kiwanda cha magodoro, na upole wake ule ule.

"Umefuta au hujafuta?" matroni aliuliza.

"Nimefuta. Ila yenyewe ilishasoma zamani. Itachukua muda kusahau, na sijui muda gani."

"Mimi nina kina mama wenye watoto wachanga," alisema. "Nina mmoja mguu uko kwenye plasta. Nyumba ya kuhamia inapatikana kesho. Yule mtu anarudi leo, kwa sababu nimemwunguza shingo na sasa ana hasira mbili. Niambie wewe mtaalamu, niwapeleke wapi?"

Hapo ndipo kiburi changu cha kazi kiliponirudia. Najua, mngedhani kimekufa.

"Msiwapeleke popote," nilisema. "Bakini ndani, fungeni. Shemeji amezoea kuuliza mashine, na ataiuliza tena kabla hajarudi, kwa sababu anajua mtataka kuhama. Mimi nitaiambia mashine mmehamia kwingine. Atakwenda huko, na huko atanikuta mimi na polisi."

"Itasoma lini?" Dada aliuliza. "Umesema ya kwanza ilishasomwa zamani."

"Ukurasa mpya huwa inakwenda kuusoma pale mtu anapouliza. Nikiandika vizuri, mchana huu huu itakuwa inausema."

"Ukiandika vizuri," alirudia. Kisha akasema, "Sawa. Tutabaki. Ila sikia. Ukikosea safari hii, usije kwenye msiba wangu."

Mwoka mikate akajitolea kukaa getini kwa zamu ya mlinzi. Nilimwomba msamaha, akasema jino lenyewe lilikuwa bovu. Nikampa alama za Shemeji kama nilivyowapa polisi baadaye: mrefu, mikono yote miwili imejaa makovu ya moto kuanzia viganja hadi viwiko. Hakuniuliza Shemeji anafanya kazi gani, nami sikumwambia. Matroni akampa chakula na mpini wa jembe.

Nilirudi ofisini nikaandika kama sijawahi kuandika. Swali juu: "Kina mama waliokimbia waume zao wanakaa wapi kwa sasa?" Jibu chini yake: "Kuanzia leo, nyumba ya kina mama waliokimbia waume wanaowapiga ipo ghorofa ya juu ya duka la rangi, barabara ya soko la zamani. Ina ngazi za nje na mlango mwekundu." Nani, wapi, lini. Nyumba ya zamani sikuitaja kabisa. Nilianza kuandika "wamehama kutoka" mkono ukakataa. Maneno yale, geti la bluu, sikutaka kuyaona tena chini ya vidole vyangu.

Nikauweka kwenye tovuti ya mwoka mikate. Nikasubiri. Nikauliza, ikanijibu ya zamani. Nikasubiri tena, nikapiga moyo konde, nikauliza.

"Nyumba ya kina mama waliokimbia waume wanaowapiga," ilisema ile sauti, "ipo ghorofa ya juu ya duka la rangi, barabara ya soko la zamani. Ina ngazi za nje na mlango mwekundu. Pia—"

Niliizima. Nilichokitaka nilishakisikia. Nilipiga meza kwa mkono mzima nikacheka peke yangu.

Polisi walikubali kwa sababu kichwa cha mlinzi kilikuwa kimepasuka, maana taya la mke kwao huwa ni ugomvi wa nyumbani. Waliahidi askari wawili, akaja mmoja. Alivaa kiraia, akaketi dukani chini kwenye kopo la rangi, akijifanya anachagua rangi ya sebule.

"Mikono ya makovu," alinihakikishia. "Akipita mwenye mikono hiyo, hafiki ngazi ya pili."

Mwoka mikate akanipigia. "Huku kimya. Ila geti halikai, ile bawaba iliyokatika inalivuta. Nitafutie fundi."

"Nitakutafutia," nilisema, nikakata. Nilikuwa nayaangalia madirisha. Fundi ndiye alikuwa mtu wa mwisho kichwani mwangu.

Mchana ulisogea. Jua lilifika kwenye meza yangu, likapita. Nilikuwa nimeshika bomba la chuma nililong'oa kwenye kiti, nimekaa nyuma ya mlango, nikimwomba Mungu anipe shingo ile iliyobabuka kwa dakika moja tu kabla ya askari kupanda.

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Nzito, za taratibu. Mtu akabisha kistaarabu.

Nilifungua ghafla, bomba juu. Mbele yangu amesimama baba mmoja mtu mzima, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, mikono safi kama ya mwalimu. Ameshika mfuko wa plastiki.

"Samahani, kijana," alisema. "Nimemfuata mke wangu."

Nilishusha bomba. Nilikuwa sielewi. "Mke wako nani, mzee?"

"Wewe mwite tu. Mwambie baba watoto amefika."

"Umekosea. Hakuna mwanamke hapa."

"Simu imeniambia yupo." Alichungulia juu ya bega langu, akaona chumba kitupu, meza na kompyuta. Uso wake haukubadilika. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa nyundo. "Mmemficha wapi?"

Ya kwanza ilinipata kwenye plasta. Ilipasuka vipande na vidole vilivyokuwa vinaunga vikavunjika upya. Nilisikia kabla sijaumia. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Ya pili ilipita sikio, ikabomoa ubao wa mlango. Nilimrushia bomba miguuni, akayumba, akanishika koo kwa mkono mmoja na kunilaza juu ya meza, kompyuta ikaanguka. Harufu yake ilikuwa ya sabuni nzuri. Aliinua nyundo, akalenga uso wangu kwa utulivu.

"Mke wangu naye huwa hanyamazi mpaka tufike hapa," alisema.

Askari aliingia kwa bega. Waliangukia kabati wote wawili. Nyundo ikamkuta askari kwenye goti, naye akampiga mzee yule kwa kitako cha bastola mara mbili mdomoni, mpaka suti ya kijivu ikawa na rangi nyingine. Akamkalia mgongoni na kumfunga pingu.

"Nilimwona akipita," askari alisema, akihema, amelishika goti. "Nikamwangalia mikono. Haina kovu hata moja. Nikamwacha."

Mimi nilikuwa chini ya meza nimeushika mkono wangu, nalia bila aibu. Ndipo akili iliponijia. Mashine haimjui Shemeji. Humjibu yeyote anayeuliza, na mji huu una waume wengi.

Mzee alikuwa anacheka taratibu, shavu lake sakafuni.

"Basi yule mwenzangu ndiye aliyebahatika," alisema.

"Mwenzako nani?"

"Tumekutana kwenye duka la mikate. Duka limefungwa, tumesimama nje wote wawili, kila mtu na simu yake. Tukagundua tunatafuta jambo moja. Simu inasema nyumba ziko mbili. Moja ina mlango mwekundu, nyingine geti la bluu." Akalamba damu mdomoni. "Tukagawana. Mimi nikaja huku."

Ile "Pia" niliyoikata. Sikuwa nimeiambia mashine kwamba wamehama, niliiambia tu kwamba wapo na hapa. Kwa hiyo ilichukua ya zamani, ikachukua na mpya, ikawapa watu zote mbili.

"Huyo mwenzako anafananaje?" askari aliuliza.

"Sikumwona vizuri. Alikuwa amevaa koti zito, kola juu, na glavu za ngozi mpaka viwikoni. Fundi fundi hivi. Ana mitungi ya gesi kwenye toroli."

Nilitafuta simu sakafuni kati ya vioo. Nambari za Dada sina, simu zao hushikwa na matroni. Nikampigia mwoka mikate. Iliita, ikaita. Askari alikuwa anapiga kelele kwenye redio yake. Kisha mwoka mikate akapokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye raha.

"Nilikuwa nataka kukupigia, nikushukuru," alisema, maneno yakipenya pengo la jino. "Fundi wako ameshafika."

"Fundi gani?"

"Fundi wa geti. Si umeniambia utanitafutia? Mtu wa kazi kweli kweli, hakutaka hata chai. Kashika bawaba kama mtoto wake. Namshikia geti hapa, yeye anakata, hata hicho kinyago chake cha kuchomelea hajakivua tangu afike."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kukatia chuma ikilia. Na nyuma ya mashine, mbali kidogo, watoto wanacheza.

"Ondoka hapo," nilisema. "Kimbia ndani, fungeni milango, mwambie Dada—"

"Sikusikii, kuna kelele. Subiri."

Mashine ikazimwa. Nikasikia chuma kizito kikianguka chini, na mwoka mikate akiuliza kitu kwa mshangao mdogo, sentensi ambayo hakuimaliza. Kisha simu ikaokotwa. Mtu alipumua karibu na sikio langu.

"Shemeji," alisema. "Vidole vinaendeleaje?"